Kebo Mbili Zinazokufa Pamoja

Ukiingia katika chumba cha seva cha hospitali, cha SACCOS au cha chuo, nyuma ya kila seva ya maana utakuta kebo mbili za mtandao. Ukiuliza kwa nini mbili, utajibiwa kwamba moja ikikatika nyingine inashika. Jibu hilo ni la kweli kwa kebo iliyokatika. Lakini ndani ya chumba kinachofungwa kwa ufunguo, kebo haikatiki mara nyingi. Yanayotokea ni mengine: swichi inaganda huku taa zake zikiwaka, faiba inayoshuka ghorofa ya chini inapigwa nyundo na fundi bomba, mtu anabadilisha VLAN kwenye poti isiyo yake, umeme unarudi na swichi inachukua dakika kadhaa kuamka. Yakitokea hayo, seva yenye kebo mbili huweza kupotea mtandaoni sawa na yenye kebo moja, na wahusika huchelewa zaidi kuelewa kilichotokea kwa sababu walishajiaminisha kwamba upande huo uko salama.

Kufunga kadi mbili za mtandao ziwe kundi moja ni kazi ya dakika chache. Kazi yenyewe iko kwenye swali ambalo wengi hawaliulizi siku ya kufunga: seva itajuaje kwamba njia yake imekufa?

Kwa asiyeshinda na mitambo hii, maelezo mafupi. Badala ya kila kadi kupewa anwani yake ya IP, mfumo wa uendeshaji huziunganisha na kuzionyesha kama kadi moja. Kwenye Linux kundi hilo huitwa bondi, na mara nyingi hupewa jina bond0. Programu za juu, iwe hifadhidata ya wagonjwa au mfumo wa mikopo, huona anwani moja tu na hazina habari na kilichopo chini yake. Solaris ina IPMP, Windows Server ina utaratibu wake wa ndani tangu toleo la 2012, AIX na HP-UX nazo zilikuwa na yao. Nitakaa zaidi kwenye Linux kwa kuwa ndiyo inayobeba seva nyingi za taasisi zetu, ila mengi nitakayosema yanahusu mifumo yote.

Asili ya bondi ya Linux inaeleza matatizo yetu mengi ya leo. Mwaka 1994, katika kituo cha Goddard cha NASA, shirika la anga la Marekani, Thomas Sterling na Donald Becker waliunganisha kompyuta 16 za kawaida zenye prosesa za 486 DX4 ili zifanye kazi ya kompyuta moja kubwa. Mradi huo uliitwa Beowulf. Prosesa zilikuwa na mbio kuliko Ethaneti moja ya wakati ule, na swichi zilikuwa bado ghali mno, kwa hiyo Becker aliandika upya draiva zake ili pakiti zigawanywe kwa zamu kwenye Ethaneti mbili au zaidi. Draiva ya bondi tunayoitumia sasa ilichipuka kutoka kwenye viraka vyake vya keneli 2.0. Ilizaliwa kutafuta kasi. Uwezo wa kuhama njia moja inapokufa ulikuja baadaye, na hadi leo wanaofunga bondi wengi huanza na swali la kasi: nikiunganisha gigabiti moja na nyingine, nitapata mbili?

Sun, watengenezaji wa Solaris, walipoleta IPMP katika Solaris 8, walianzia kwingine kabisa. Programu moja ya nyuma ya pazia, in.mpathd, ilikuwa inatuma pakiti za majaribio kupitia kila kadi kwenda kwa ruta za jirani na kusubiri zijibiwe. Kadi ikikosa majibu, ilihesabiwa imekufa hata kama taa yake inawaka, na anwani zake zilihamishiwa kwenye kadi nyingine ya kundi. Muda wa kutambua hitilafu uliowekwa tangu kiwandani ulikuwa sekunde 10. Ni muda mrefu kwa vigezo vya leo, lakini swali lilikuwa sahihi. Waliuliza kama jirani anafikika. Wasimamizi wengi hawakuupenda utaratibu huo, kwa kuwa kila kadi ilidai anwani yake ya majaribio juu ya ile ya huduma, na Solaris 10 ilipowaruhusu kutegemea hali ya poti peke yake, wengi walishukuru na kuziacha anwani zile. Nafikiri walipoteza sehemu bora ya IPMP.

Turudi kwenye Linux. Njia ya kwanza ya bondi kutambua kifo ni kuitazama poti yenyewe: je, kuna mawimbi kwenye waya? Kipimo chake huitwa miimon, na hutajwa kwa milisekunde. Ukiweka 100, bondi itachungulia hali ya poti mara 10 kwa sekunde. Kwa miaka mingi kipimo hiki kilikuwa 0 kama hukukiweka mwenyewe, yaani bondi haichungulii chochote, isipokuwa katika modi chache (modi ni namna bondi inavyozitumia kadi zake) ambazo draiva ilizilazimisha kutumia 100. Draiva iliandika onyo kwenye kumbukumbu za mfumo kwamba hitilafu hazitatambuliwa, kisha ikaendelea kufanya kazi. Keneli za karibuni zimerekebisha jambo hili, ila seva nyingi za zamani bado ziko kazini, na zinastahili kukaguliwa wiki hii.

Hata miimon ikiwa imewekwa, inachoona ni kipande cha waya kati ya seva na kifaa cha kwanza. Kila mwenye simu anaijua hali hii: vijiti vya mtandao vimejaa, lakini ujumbe hauendi. Simu inaona mnara, haioni kilicho nyuma ya mnara. Poti ya seva nayo huona swichi iliyo mbele yake. Kama swichi hiyo imepoteza faiba inayoiunganisha na sehemu nyingine ya mtandao, taa ya seva itabaki kijani, bondi itaendelea kumwaga pakiti upande huo, na kadi ya pili, iliyo kwenye swichi nzima, itakaa bila kazi.

Kwetu kuna kifaa kimoja kinachoongeza hatari hii, nacho ni konveta ya bei nafuu ya kubadilisha faiba kuwa kebo ya shaba. Majengo mengi ya serikali na ya vyuo yameunganishwa kwa konveta hizo. Kama seva au swichi imechomekwa kwenye konveta, upande wa shaba unaweza kuendelea kuonyesha mawimbi hata faiba ikiwa imekatwa na katapila la barabara. Zipo konveta zinazoangusha upande mmoja pale mwingine unapokufa, lakini kwenye nyingi lazima uwashe uwezo huo kwa kiswichi kidogo ubavuni. Nimekuta konveta zilizokaa miaka ukutani huku kiswichi hicho hakijawahi kuguswa.

Njia ya pili ni ya kuuliza jirani, na inafanana na roho ya IPMP. Bondi hutuma ombi la ARP kwa anwani uliyoitaja, labda kila milisekunde 1,000, na kupima uhai wa njia kwa majibu yanayorudi. Vipimo vyake ni arp_interval na arp_ip_target. Ukitaja lango la mtandao kuwa jirani wa kuulizwa, faiba ya nyuma ya swichi ikikatika bondi itakosa majibu, nayo itahama. Hapa kuna mambo matatu ambayo wanaoijaribu njia hii hukosea, na kila moja limewahi kuwafanya watu waiache kabisa.

La kwanza ni kumtaja jirani mmoja tu. Lango likizimwa kwa matengenezo, bondi itaamini kwamba kadi zote mbili zimekufa, na seva itakatika hata kwa kompyuta zilizo chumba kimoja nayo. Draiva inakubali hadi anwani 16. Taja angalau mbili ambazo hazitegemei kifaa kimoja. La pili ni kusahau arp_validate. Bila hiyo, pakiti yoyote inayoingia huhesabiwa kuwa dalili ya uhai, na mtandao wenye kelele utaifanya kadi iliyotengwa ionekane nzima kwa sababu tu majirani wa swichi ileile wanatangaza mambo yao. Ikiwashwa, kadi iliyo kazini hupimwa kwa majibu ya kweli, na kadi ya akiba hupimwa kwa kupokea yale maombi ambayo kadi mwenzake imeyatangaza. Maana yake ni kwamba matangazo hayo yametoka swichi ya kwanza yakafika ya pili, na kwa hiyo hata kiungo kati ya swichi mbili kinakaguliwa kila sekunde. Kipimo kidogo hiki hufanya kazi ambayo taasisi nyingine hununulia programu ya ufuatiliaji. La tatu ni VLAN. Bondi inayobeba VLAN tano, na jirani wa kuulizwa yuko kwenye moja, haitajua kitu kama nyingine nne hazikuruhusiwa kwenye swichi ya pili. Waweke majirani wa kuulizwa kwenye zaidi ya VLAN moja.

Upo pia msaada kutoka upande wa swichi. Swichi nyingi za daraja la taasisi zinaweza kuagizwa hivi: njia zako za kwenda juu zikifa zote, zima na poti za seva. Swichi inaizima taa makusudi ili seva ielewe. Agizo hilo likiwepo, hata miimon ya kawaida hutosha kwa hitilafu nyingi. Kwa bahati mbaya, anayesimamia swichi na anayesimamia seva mara nyingi ni watu wawili wa idara mbili, na agizo hili linahitaji waketi pamoja.

Sasa modi. Linux ina saba, kuanzia 0 hadi 6, na mjadala wa modi ipi ni bora hula muda mwingi kuliko unavyostahili. Kwa seva za taasisi zetu zinazobaki kweli ni mbili. Modi 1 inatumia kadi moja kwa wakati, nyingine inasubiri. Modi 4 inatumia zote kwa makubaliano na swichi, kupitia itifaki ya LACP iliyowekwa katika kanuni ya IEEE 802.3ad mwaka 2000 na kuhamishiwa 802.1AX mwaka 2008.

LACP ina sifa moja kubwa: pande mbili huzungumza. Seva na swichi hupeana taarifa kila sekunde 30 kwa mwendo wa polepole, au kila sekunde 1 kwa mwendo wa haraka, na ukimya wa mara tatu huhesabiwa kuwa kifo. Hitilafu ambayo upande mmoja unasikia na mwingine hausikii, au kebo iliyochomekwa kusikohusika, hugundulika. Kwenye Linux mwendo wa polepole ndio uliowekwa awali, kwa hiyo kifo cha kimyakimya huweza kuchukua sekunde 90 kuonekana. Badilisha kwenye seva, lacp_rate iwe ya haraka, kisha hakikisha swichi yako inaumudu mwendo huo. Ila kumbuka kwamba mazungumzo ya LACP yanaishia kwenye swichi. Kilicho nyuma ya swichi hakimo, na ufuatiliaji wa ARP hauendi pamoja na modi 4. Ukichagua modi 4, umeiachia swichi kazi ya kujua kama dunia bado inafikika.

Kuna jambo jingine la modi 4 ambalo hukaa limejificha. Makubaliano ya LACP yanahitaji upande wa pili uwe kifaa kimoja, au vifaa viwili vilivyofunzwa kujionyesha kama kimoja. Ukichomeka kebo moja kwenye swichi A na nyingine kwenye swichi B zisizojuana, bondi haitalalamika. Itaunda makundi mawili, itatumia moja, na itafanya kazi vizuri miaka mitatu huku mwenye seva akiamini ana gigabiti mbili. Dalili iko ndani ya /proc/net/bonding/bond0: kadi hizo mbili zitaonyesha namba tofauti za kundi. Soma faili hilo kwenye kila seva unayoisimamia. Ni maandishi mafupi, na hutoa siri nyingi.

Msimamo wangu ni kwamba taasisi yenye fundi mtandao mmoja au wawili itumie modi 1, kebo mbili kwenda swichi mbili zinazojitegemea, na ufuatiliaji wa ARP uliowekwa kwa uangalifu. Haihitaji lolote la pekee kwenye swichi, swichi za makampuni tofauti hukubaliana nayo, na anayeamshwa saa nane usiku anaweza kuielewa kwa kutazama. Modi 4 ni nzuri sana mahali penye swichi zilizounganishwa ipasavyo na watu wanaozifahamu. Kinachonisikitisha ni kuiona imewekwa kwa sababu ya kasi tu, mahali ambapo kasi hiyo haipatikani.

Mara nyingi haipatikani kweli. Bondi ya modi 4 haipasui mazungumzo mamoja kwenye kebo mbili, kwa sababu pakiti zingefika zikiwa zimepishana. Hufanya hesabu juu ya anwani za pakiti, na jibu la hesabu huchagua kebo. Mazungumzo mamoja hubaki kwenye kebo moja tangu mwanzo hadi mwisho. Nakala ya akiba ya terabaiti 1 inayosafiri kwa muunganisho mmoja kwenye kebo za gigabiti 1 itachukua zaidi ya saa mbili hata ukiunganisha kebo nne. Tena hesabu iliyowekwa awali hutumia anwani za MAC. Kama watumiaji wote wako nyuma ya ruta, seva huona anwani moja ya MAC, ile ya ruta, na pakiti zake zote za kutoka hupita kebo moja. Kubadilisha hesabu itumie anwani za IP na namba za poti za programu husaidia pale wateja ni wengi, na hilo ni badiliko la mstari mmoja ambalo wengi hawajalifanya.

Kasi na akiba pia hugombana, na ugomvi wao huja polepole. Chukua seva yenye kebo mbili za gigabiti 1. Mwaka wa kwanza kila kebo inabeba megabiti 300, na moja ikifa nyingine inabeba 600 bila taabu. Mwaka wa tatu kila moja inabeba 700. Mtandao uko haraka, hakuna anayelalamika, ila akiba haipo tena: kebo moja ikifa, iliyobaki itatakiwa kubeba megabiti 1,400 na haiwezi. Hakuna taa itakayowaka siku ile mtakapovuka mstari. Katika modi 1 hali hii haiwezi kutokea kwa siri, kwa kuwa foleni huonekana mapema kwenye kebo moja inayotumika, na mtu huenda kununua kadi yenye kasi zaidi. Ndiyo sababu nyingine ya kuipenda.

Kisha kuna maangamizi ya pamoja. Tarehe 12 Mei 2024 watumiaji wa intaneti wa Tanzania, Kenya, Uganda na nchi nyingine za ukanda huu waliamka mtandao umelegea au umekatika. Kebo mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilikuwa zimekatika siku moja karibu na pwani ya Afrika Kusini. Kwa mikataba zilikuwa njia mbili, zenye wamiliki tofauti na mitambo tofauti. Kwenye sakafu ya bahari zilipita mahali pamoja. Kampuni iliyokuwa imelipia EASSy kama njia kuu na Seacom kama akiba ililipia mara mbili kwa hatari ileile.

Ndani ya chumba cha seva kosa hilo hufanyika kwa vipimo vya sentimita. Poti mbili za bondi ziko kwenye kadi moja, juu ya chipu moja. Chipu ikifa zimekwenda zote. Seva nyingi huja na poti mbili kwenye ubao mkuu na nafasi ya kadi ya ziada, kwa hiyo inatosha kufunga poti moja ya ubaoni na moja ya kadi ya ziada, na ikiwezekana ziwe za watengenezaji tofauti ili dosari ya programu ndani ya chipu moja isizizime zote. Kebo mbili zinaingia swichi moja. Au zinaingia swichi mbili, na swichi hizo zimechomekwa ekstensheni moja ya umeme, inayotoka UPS moja, ambayo betri zake zilichoka. Au swichi mbili zimeunganishwa kuwa rundo lenye ubongo mmoja, na siku ya kuongeza toleo la programu yake zinazimika na kuwaka pamoja. Rundo la swichi lina faida zake, lakini anayetegemea swichi mbili ili moja ikiharibika nyingine ibaki, na atazame kwanza kama zinaweza kufanyiwa matengenezo moja baada ya nyingine. Ukitaka kujua hali yako, shika kebo ya kwanza kwa mkono na uifuate hadi mwisho, ukiandika kila kifaa na kila soketi ya umeme. Fanya hivyo kwa ya pili. Jina lolote linalotokea kwenye orodha zote mbili ndilo litakaloizima seva yako.

Kuhama kwenyewe kuna matatizo machache kuliko kurudi. Swichi iliyozimika huwaka, huwasha taa za poti zake, na bado inaendelea kuamka. Seva inaona taa na kuamini kwamba njia iko tayari. Kwenye swichi zinazofuata itifaki ya zamani ya kuzuia mizunguko, poti husikiliza sekunde 15 na kujifunza sekunde 15 nyingine kabla ya kupitisha pakiti hata moja. Bondi iliyoagizwa kuirudia kadi yake kuu mara inapopona itazitumbukiza pakiti zote kwenye sekunde hizo 30. Kwa hiyo swichi ilipokufa hakuna mtumiaji aliyehisi, na ilipopona huduma ikakatika. Dawa ziko tatu na ninazitumia zote: poti ya seva kwenye swichi iwekwe kuwa ya pembeni ili ipitishe pakiti mara moja, kwenye bondi inayotumia miimon updelay iwekwe ili bondi isubiri, mathalani sekunde 60, kabla ya kuiamini kadi iliyopona (kwenye ufuatiliaji wa ARP haifanyi kazi), na primary_reselect iwe ya kuhama pale tu kadi iliyo kazini inapokufa. Kadi zikiwa na kasi sawa, hakuna faida yoyote ya kukimbilia kurudi. Poti yenye moduli ya faiba iliyolegea, inayowaka na kuzimika kila dakika, inaweza kuivuta bondi yenye haraka ya kurudi ikawa inayumba usiku kucha.

Bondi inapofaulu, inaficha ugonjwa, na mficha maradhi kifo humuumbua. Kadi ya kwanza inakufa mwezi Februari, ya pili inashika, huduma inaendelea, hakuna simu inayopigwa. Mwezi Agosti kadi ya pili inakufa, na ripoti inaandikwa kwamba mfumo wa akiba ulishindwa. Mfumo wa akiba ulifanya kazi yake miezi sita kabla, na hakuna aliyeambiwa. Ndiyo maana siikubali bondi yoyote kuwa imekamilika mpaka kuwe na kitu kinachoisoma hali ya kila kadi na kutuma ujumbe kwa mtu anayejulikana kwa jina. Programu kubwa si lazima. Skripti ya mistari michache inayosoma /proc/net/bonding/bond0 kila dakika 5 inatosha. Ifuatilie pia hesabu ya mara ambazo kila kadi imekatika, ambayo draiva huitunza. Kadi iliyo hai leo lakini imekatika mara 212 tangu seva iwashwe inaomba kubadilishiwa kebo.

Baada ya yote hayo linabaki zoezi, na zoezi la kuchomoa kebo halitoshi, kwa sababu linajaribu ile hitilafu moja ambayo bondi yoyote huiona. Tafuta usiku wa kazi kidogo, uwatangazie watumiaji, na uweke kompyuta mbili zinazoipigia seva ping mara tano kwa sekunde, moja ikiwa kwenye mtandao wa seva na nyingine nyuma ya ruta. Fungua pia muamala halisi kwenye mfumo wa huduma, maana ping inaweza kupona huku muunganisho wa hifadhidata ukivunjika. Anza na kebo. Kisha iache kebo mahali pake, na uzime njia inayotoka swichi kwenda juu. Hapa ndipo bondi nyingi hufeli. Kisha ondoa VLAN moja kwenye poti ya swichi na utazame kama kuna anayegundua. Kisha izime swichi kabisa kwa umeme, uiwashe, na ukae nayo hadi iamke, ukihesabu pakiti zilizopotea wakati wa kurudi kwa makini kuliko zile za wakati wa kuondoka. Andika sekunde za kila tukio pamoja na tarehe, uziweke pale ambapo fundi wa zamu atazikuta. Halafu rudia kila kitu ukianzia swichi B. VLAN iliyosahaulika, kebo yenye kasi ndogo au soketi inayoshiriki UPS huwa iko upande mmoja tu, na aliyejaribu kutoka A kwenda B peke yake anaweza kuwa hajaigusa.